Sevisi ya chensoo Mafinga, hawa mafundi wanajua kusafisha

Wale mnaoangusha miti msitu wa Sao Hill na mashamba ya jirani, kama chensoo yako (msumeno wa injini) inapiga kazi kidogo tu inachemka inazima na haiwaki mpaka ipoe, kabla hujanunua silinda mpya ipeleke kwanza kwa mafundi wa ile kibanda cha chensoo pale Mafinga mjini.

Yangu walivyofungua kava la starta na la juu, mapezi ya silinda (vile vibapa vya nje vya kutoa joto) hayaonekani kabisa, unga wa mbao umeshikana na oili na utomvu wa paini mpaka umekuwa mgumu kama ukoko. Na hii injini haina rejeta wala maji jamani, inapozwa na upepo tu, feni iko kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) inavuta hewa kwenye matundu ya kava la starta inapuliza kwenye mapezi, sasa pakiziba joto litokee wapi? Fundi akakwangua na kijiti, bisibisi hakutaka hata kuisikia, akapiga brashi, halafu akaziba mdomo wa kabureta na kitambaa safi ndo akapuliza na kompresa. Hapo kwenye kitambaa nikamkubali, maana wengi wanapuliza tu uchafu wote unaingia ndani unaenda kukwaruza pistoni.

Fita ya hewa akaosha, akazibua kitundu cha oili kwenye baa (lile bapa refu cheni inapozungukia), mfereji wa baa akaukwangua, cheni akanoa na tupa ya duara. Cheni butu nayo inachemsha mashine, ukiona inatoa unga badala ya maranda ujue unailazimisha.

Kingine wanakuuliza unavyochanganya mafuta, na hawaogopi kukwambia ukweli. Chensoo za Stihl na Husqvarna za sasa ni 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli na mililita 100 za oili ya tu-stroki. Kuna watu wanabana skrubu ya kabureta ili mashine isile mafuta, kumbe ndo wanaiunguza, petroli ikipungua na oili inapungua humo humo.

Kwa kazi wanastahili nyota zote, ila foleni ya Jumamosi inachosha na risiti mpaka uidai. Nenda katikati ya wiki asubuhi, na ubebe baa na cheni yake, usipeleke injini peke yake.