Uzoefu wangu na uanachama wa kuvutwa boti, tulivyopwelewa Georgia tukiteremka Florida

Wenye boti huku Marekani na wanaofikiria kununua, hii inawahusu. Mimi na baba watoto tumeteremka na boti yetu ya matanga kutoka ghuba ya Chesapeake kule Maryland mpaka Vero Beach, Florida, tukikimbia baridi, siku 41 njiani, na katika vitu vyote tulivyolipia kabla ya kuondoka, nanga mpya, hita ya dizeli, chati za kwenye tableti, kilichotufaa kuliko vyote ni uanachama wa kampuni ya kuvuta boti zilizoharibika au kukwama. Jina la kampuni silitaji manake mikataba yao inafanana na mimi ninachotaka mjue ni mkataba wenyewe.

Kwanza njia. Inaitwa Intracoastal Waterway, watu wanaandika ICW, ni mito, maziwa na mifereji iliyounganishwa nyuma ya visiwa vya pwani ili usilazimike kutoka bahari kuu. Maili sifuri ipo Norfolk, Virginia, na ukifika Miami umeshahesabu karibu maili 1,090. Kwenye karatasi kina ni futi 12 sehemu kubwa ya njia, lakini mchanga na tope haujui karatasi, kuna mahali utakuta 6, kuna mahali 5. Mkuku wa boti yetu unaingia majini futi 5. Hesabu hiyo mnaiona wenyewe.

Na kitu wengi hawakijui, Coast Guard, walinzi wa pwani wa serikali, hawaji kukuvuta kwa sababu umekwama au injini imezima. Kama hakuna maisha hatarini watakuuliza mmevaa majaketi, mko wangapi, halafu watakuunganisha na watu wa biashara. Huo utaratibu upo tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo ama una uanachama ama unalipa kwa saa, na saa zinaanza kuhesabiwa toka boti yao inapoondoka gatini mpaka irudi.

Sisi tulilipa dola 230 kwa mwaka. Mpango wa bei ya chini ulikuwepo, baba watoto akautaka, nikamwambia bwana ngoja tusome kwanza, tukakuta ule una kikomo cha pesa kwa kila safari ya kuvutwa na ukipita hapo unalipa mwenyewe. Tukachukua ule mkubwa. Wetu ulianza kufanya kazi kesho yake, kwa hiyo usingoje mpaka umekwama ndo utafute kadi ya benki.

Tuliondoka tarehe 20 Oktoba. Bima ya boti ilikuwa hairuhusu kuvuka mstari fulani wa kusini kabla ya tarehe 1 Novemba kwa sababu ya vimbunga, basi Virginia na North Carolina tukaenda taratibu. Tulipita mfereji wa Dismal Swamp, ule uliofunguliwa mwaka 1805. Waliochimba kwa mikono yao wengi walikuwa watumwa, na ndani ya kinamasi hicho hicho watumwa waliotoroka waliishi wamejificha vizazi na vizazi. Usiku tulilala tumefunga ubavuni mwa mfereji, maji meusi kama chai ya rangi, kimya, sikupata usingizi kwa kuwafikiria wale watu.

Mara ya kwanza kuita huduma ilikuwa North Carolina karibu na mto Pungo, impela, lile gurudumu la mpira linalosukuma maji ndani ya pampu ya kupoza injini, ilikatika vipande injini ikapanda joto tukaizima. Upepo hakuna, giza linaingia. Mhudumu wa simu alinichosha kwakweli, ananiuliza niko mtaa gani, namsomea namba za GPS yeye anataka mtaa, dakika ishirini nzima, hilo nawapa alama ya chini kabisa. Lakini nahodha alipokuja, kijana mpole, alitufunga vizuri akatuvuta maili 14 mpaka Belhaven. Akanipa karatasi nisaini, imeandikwa dola 1,340, chini yake unalipa sifuri. Nikaisoma mara mbili.

Sasa Georgia. Kule maji yanajaa na kupwa futi 7 mpaka 9, mimi nimezaliwa Pangani kwa hiyo maji kupwa si kitu kigeni kwangu, na hata ile harufu ya tope lao inafanana na ya mikokoni kwetu. Tulikuwa tunapita Little Mud River, jina lenyewe linakuambia. Saa saba mchana, maji yameshaanza kupwa saa mbili na nusu zilizopita, nyuma yetu ikaja boti kubwa ya injini inataka kupita, baba watoto akasogea kulia kumpisha. Kama mita kumi tu nje ya mkondo. Hatukusikia kishindo, boti ilipunguza mwendo tu polepole kama mtu amekaa kwenye godoro, halafu ikatulia. Tukarudisha nyuma kwa nguvu zote, tukalegeza, tukahamia upande mmoja ili ilale mkuku uinuke, wapi. Tope la kahawia linachemka nyuma ya propela na kila saa maji yanashuka karibu futi moja na nusu.

Kwetu chombo kikipwelewa hakuna anayehangaika, watu wanashuka, wanakoka moto, wanangoja maji. Ila kwetu jahazi lina tumbo pana linakaa. Hili la mkuku mrefu linalala ubavu, na ukisahau kufunga matundu ya madirisha upande wa chini maji yakirudi yanaingia ndani kabla boti haijainuka. Nilikwenda kukaza kila kitu kwa mikono yangu, dirisha la choo nilikuta limeachwa nusu.

Nahodha alifika baada ya saa moja na dakika arobaini. Na hapa ndo pa kusikiliza. Kabla hujapokea kamba yake, muulize kwa sauti, hii ni kuvutwa au ni salveji, yaani kuokoa chombo kilicho hatarini? Kuvutwa kipo kwenye uanachama. Kukwama laini pia kipo, kwenye mkataba wetu maana yake boti moja ya kuvuta, kama robo saa, hakuna hatari ya haraka. Ikizidi hapo, mfano boti inavuja au imepanda mwamba mawimbi yanaipiga, inaitwa salveji, na kwa sheria ya bahari hiyo haina bei ya saa, wanadai sehemu ya thamani ya boti yako. Kuna watu wamepokea kamba wakashukuru kabisa, bili ikaja ya maelfu na maelfu.

Niliuliza. Yule mzee, maana huyu alikuwa mtu mzima wa makamo, alitazama boti ilivyoinama akasema mama, nikiivuta sasa hivi itakuwa kazi kubwa na nitaharibu usukani wenu, maji yakirudi itakuwa kazi ndogo na haitakugharimu kitu. Angeweza kutudanganya, sisi tulikuwa tumeshaogopa, tungesaini chochote. Badala yake alichukua nanga yetu ya pili kwenye boti yake akaitupa katikati ya mkondo ili maji yakijaa yasituzidishie kwenye tope, akaondoka.

Saa kumi na nusu maji yalikuwa chini kabisa. Tumelala ubavu, huwezi kupika, huwezi kusimama, tumekaa kwenye ukuta wa kabati tunakula mkate na siagi ya karanga, nje ndege weupe wanatembea kwenye tope pale pale tulipotoka kuelea. Baba watoto kimya, najua alikuwa anajilaumu, nikamwambia kupisha mtu si kosa.

Saa mbili kasoro robo usiku taa zake zikatokea kwenye kona. Akafunga kamba, dakika nane tu, boti ikatikisika ikasimama, sahani kabatini zote zikalia kwa mpigo. Saini, sifuri tena. Akatutangulia na taa mpaka mahali pa kutia nanga salama, na hilo halimo kwenye mkataba wowote.

Baada ya hapo upepo wa kaskazini ulikuja na baridi, tukatweka tanga siku tatu mfululizo, na tarehe 29 Novemba tukafika Vero Beach tukafunga boti kwenye boya.

Alama zangu, manahodha 5 kwa 5, mhudumu wa simu 2. Siku hizi nikiita naanza na namba ya kibao cha kuonyesha mkondo kilicho karibu na jina la mto, ndo naenda kwenye GPS, na namba ya uanachama nimeiandika kwa kalamu ya wino kwenye ubao juu ya redio. Aprili tunapanda kurudi kaskazini, na Little Mud River tutaingia maji yakiwa yanajaa.