Turbo au Trochus: konokono yupi wa kula mwani tangini?

Mwani wa nyuzinyuzi ukishashika mawe ya tangi la maji ya chumvi, Turbo ndiye anayefanya kazi ya kuonekana. Ni mkubwa, anakula usiku kucha, na asubuhi unaona njia safi alipopita juu ya jiwe. Lakini nguvu hizohizo zina hasara: huangusha matumbawe yasiyogundishwa imara, na akianguka chali mchangani mara nyingi hawezi kujigeuza. Asipoinuliwa hufa, na mzoga wake hutoa amonia, jambo la hatari hasa katika tangi dogo. Mwani ukiisha, naye hukaa na njaa. Mpe kipande cha nori, yaani mwani mkavu wa kuliwa.

Trochus ni mdogo zaidi, gamba lake lina umbo la pia. Husafisha kioo na kula utando mwembamba, ila mwani uliorefuka humshinda. Akianguka hujigeuza mwenyewe, na huweza hata kuzaliana humo tangini.

Mimi ningechukua Trochus, mwani mrefu niung'oe kwanza kwa mkono. Wote wawili huuawa na dawa zenye shaba, na hakuna anayeondoa nitrati wala fosfati, kemikali zinazolisha mwani. Hizo zipunguze kwa kulisha samaki kiasi na kubadilisha maji.