Gereji ya Gerezani na Eunos Roadster ya 1991: spidomita na ekzosi

Kwa miezi minne niliendesha gari langu la michezo bila kujua mwendo wake. Ni Eunos Roadster ya mwaka 1991, jina ambalo Mazda ililitumia Japani kwa gari linalojulikana kwingineko kama MX-5, lenye injini ya lita 1.6 na gia tano za mkono. Mshale wa spidomita ulikuwa ukicheza kati ya 40 na 70 hata pale gari lilipokwenda kwa mwendo usiobadilika, na kila nilipokaribia 80 nilisikia kitu kikigongagonga nyuma ya dashibodi. Anayesafiri Barabara ya Morogoro anaelewa uzito wa jambo hili, kwa kuwa kwenye kibao cha 50 askari wa tochi ya kupimia mwendo hapokei maelezo ya mshale uliokuwa unacheza. Nililipa faini ya shilingi 30,000 mara mbili, na mara zote mbili niliamini kwa dhati kwamba nilikuwa ndani ya sheria.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alinishauri ninunue dashibodi nzima ya mtumba kabla hata hajainama chini ya gari. Sikukubali. Rafiki yangu akanielekeza kwenye gereji ndogo iliyopo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, isiyo na kibao mlangoni, inayoendeshwa na fundi wa makamo na vijana wake wawili, na tathmini hii ni ya kazi waliyoifanya kwa siku tatu.

Fundi alianza kwa swali: “Bosi, kilomita zinahesabu?” Nilipomjibu kwamba zinahesabu, alitikisa kichwa kwa kuridhika, na baadaye nilielewa kwa nini. Katika gari la umri huu spidomita haitegemei kompyuta. Kuna waya wa chuma unaozunguka ndani ya mpira mrefu, ukianzia kwenye kijigia cha plastiki kilichopo ubavuni mwa giaboksi hadi nyuma ya mita, na ncha yake ya juu huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, bali huzalisha umeme mdogo ndani yake unaokivuta kikombe kifuate mzunguko, huku springi nyembamba ikikizuia, na mshale husimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Ni ubunifu ambao Mjerumani Otto Schulze aliusajili mwaka 1902. Kwa hiyo mshale na kilomita vikifa pamoja, tatizo liko kwenye waya au kijigia; kilomita zikifa peke yake, meno ya plastiki ndani ya mita yamevunjika; na mshale ukicheza huku kilomita zikiendelea kuhesabu, mtuhumiwa wa kwanza ni waya uliokauka au uliopinda, ambao hujikusanya na kujiachia kwa mshtuko badala ya kuzunguka kwa ulaini.

Ndivyo ilivyokuwa. Waya ulipochomolewa ulionekana umepinda karibu na mahali unapopenya ukuta wa injini, na nyuzi zake mbili zilikuwa zimekatika. Kijigia kilikuwa kizima, lakini oringi yake, yaani mpira wa kuzuia mvujo, ilikuwa imechoka na oili ya giaboksi ilikuwa imeanza kupanda ndani ya mpira. Hapa ndipo fundi huyu alipopata imani yangu yote: alipofunga waya mpya niliouagiza mapema, aliupaka grisi nyepesi sehemu ya chini tu, akaacha sehemu ya juu karibu kavu, kwa sababu grisi nyingi hupanda kadiri waya unavyozunguka, ikaingia ndani ya mita na kuharibu kile tulichokuja kukiponya. Nimewaona mafundi wengi wakiamini kwamba grisi ikizidi ndiyo kazi nzuri.

Alinitaka pia nipime magurudumu, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Gari lilitoka kiwandani na matairi ya 185/60 ya rimu 14, nami nilikuta limefungwa 205/55 ya rimu 15, ambayo kipenyo chake kinazidi kwa takribani asilimia 5, maana yake hata spidomita nzima kabisa ingeonyesha mwendo pungufu ya ule halisi. Tuliyabadilisha kwa 195/50 ya rimu 15, ambayo inatofautiana na ya kiwandani kwa chini ya milimita 2 za kipenyo. Nilipolinganisha na simu kwenye Barabara ya Bagamoyo, mshale uliposimama kwenye 80 simu ilisoma 76, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: kanuni za kimataifa za spidomita zinaruhusu mita ionyeshe zaidi kidogo ya mwendo halisi, lakini haziruhusu kamwe ionyeshe pungufu.

Kuhusu ekzosi, niliingia na ombi la bomba la inchi 2 na nusu na kuondolewa masega ya kusafishia moshi, kama vijana wengi wanavyofanya. Fundi alikataa yote mawili. Alieleza kwamba kwa injini ndogo namna hii bomba pana hupunguza kasi ya gesi na kuliacha gari zito kwenye mizunguko ya chini, na kwamba kutoa masega kunaongeza kelele na harufu bila kuongeza sauti nzuri. Nilikubali kwa shingo upande, na leo nakiri alikuwa sahihi. Kwanza aliziba mvujo kwenye gasketi ya mbele, ambao ndio uliokuwa ukitoa ule mlio wa bati niliouchukia. Kisha akafunga bomba la inchi 2 la chuma cha pua na silensa ya kupitisha moja kwa moja, ambayo ndani yake bomba lenye matundu limezungushiwa sufi ya kioo.

Silensa ya aina hiyo humeza milio mikali lakini huiacha ile mizito ipite, na katika jaribio la kwanza gari lilivuma kichwani mwangu kila injini ilipofika mizunguko 3,000 kwa dakika, ambayo katika gia ya tano ni karibu kilomita 90 kwa saa, mwendo wa safari yenyewe. Injini ya silinda nne hulipuka mara 100 kwa sekunde katika mizunguko hiyo. Dawa yake ilikuwa tawi la bomba lililozibwa mwisho, lililolazwa sambamba na bomba kuu, ambamo wimbi la sauti huingia, hugonga mwisho na kurudi likiwa kinyume na linalokuja, yakafutana. Fundi alianza na mita 1.5 akawa anakata kidogo kidogo na kuendesha, kwa sikio tu, hadi akafika takribani mita 1.2. Nilikokotoa nyumbani kwa kutumia kasi ya sauti katika gesi yenye nyuzi 300 na nikapata urefu uleule. Sijui namna bora ya kumsifu mtu huyu kuliko kusema hivyo.

Sasa gari linanguruma taratibu likisubiri taa, linapanda kwa sauti kavu na safi kuanzia mizunguko 4,500, na katika safari ndefu naweza kuzungumza na mke wangu hata paa likiwa limefunguliwa.

Dosari zipo. Risiti niliandikiwa baada ya kuidai mara mbili, kazi iliyoahidiwa siku moja ilichukua tatu, na ndoano moja ya kuning’inizia silensa ilichomelewa karibu mno na bodi, ikawa inagonga kwenye matuta ya Bunju. Nilirudi wiki iliyofuata. Fundi aliikata, akaisogeza, akaweka mpira mpya, na hakunitoza chochote.