Klabu ya Kiingereza ya maktaba: uzoefu wangu nikiwa au pair Maryland

Wadogo zangu wanaojiandaa kuja Marekani kama au pair huniuliza mambo mawili: Kiingereza utakinoa wapi, na marafiki utawapata wapi ukiwa umefungiwa nyumbani na watoto wa watu? Mimi nawajibu yote mawili kwa mkupuo mmoja: nenda maktaba ya umma ya mtaa unaoishi, uliza kama wana klabu ya mazungumzo ya Kiingereza. Ya kwetu ipo kwenye kitongoji cha Maryland, kaskazini ya Washington, D.C. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoibana nitaieleza.

Kwa asiyejua, au pair ni kijana wa miaka 18 hadi 26 anayekuja kwa viza ya J-1, anakaa na familia mwenyeji na kuwalea watoto wao. Saa za kazi zisizidi 45 kwa wiki wala 10 kwa siku, na posho ya chini kwa kanuni za serikali kuu ni dola 195.75 kwa wiki, chumba na chakula juu ya familia. Hiyo posho ukiitazama ukiwa Morogoro unaona umeukata. Ukifika huku ukanunua koti la baridi na kujaza kadi ya treni, unaanza kuuliza kitu gani kinapatikana bure. Na kazi nyingine ya kulipwa huruhusiwi kuifanya.

Sasa kuhusu Kiingereza. Sisi wa shule za msingi za serikali tunakutana nacho sawasawa kidato cha kwanza, tena kwenye daftari. Insha unaandika, barua ya maombi unaandika, mtihani unafaulu. Mdomo ndio mzito. Watu hudhani ukishaishi nyumba moja na Wamarekani ung'eng'e utaingia wenyewe kupitia ngozi. Wapi! Mchana kutwa unaongea na mtoto wa miaka minne: vaa viatu, nawa mikono, usimng'ate mdogo wako. Wazazi wanarudi jioni wamechoka, mnaulizana watoto wamekula nini, basi. Baada ya miezi kadhaa nilijikuta nina Kiingereza fasaha kabisa cha chekechea. Nikikutana na mtu mzima akaniuliza maoni yangu juu ya jambo lolote, natabasamu.

Klabu yenyewe haina makuu. Chumba cha mikutano cha maktaba, meza zimeunganishwa, karatasi ngumu unaikunja katikati na kuandika jina lako uisimamishe mbele yako. Wanaoendesha ni watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu. Hakuna ada, hakuna kujiandikisha, hakuna anayekuuliza viza wala kitambulisho. Ukichelewa unavuta kiti. Mada huandikwa kwenye karatasi na kugawiwa: kodi za nyumba, msiba kwenu unaendeshwaje, kitu gani kilikushangaza dukani. Saa moja na nusu imekwisha bila kutazama simu.

Kipindi ambacho hadi leo nakisimulia kila nikipata msikilizaji ni kile cha kupiga simu kwa daktari wa watoto. Mzee mmoja anayeendesha meza yetu (namwita babu, naye keshazoea) aligeuza kiti akatupa mgongo. Simu haina sura, akasema, kwa hiyo msitegemee kusoma midomo yangu. Akajifanya karani wa mapokezi, anaongea haraka kama wanavyoongea wenyewe, na kila mmoja wetu akapewa mtoto wa kubuni mwenye homa. Wa kwangu alikuwa na 102. Pale ndipo nilipoelewa kwamba kipimajoto cha nyumba ile kilikuwa hakijawahi kunieleza kitu. Huku wanapima kwa Farenhaiti: 100.4 ndiyo 38 yetu, hapo homa inaanza kuhesabika, na 102 ni karibu 39. Karani akauliza tarehe ya kuzaliwa. Nikaanza na siku, akanikatiza, kwa sababu Wamarekani wanatanguliza mwezi, na 3/7 kwao ni Machi. Akauliza mtoto amelowesha nepi ngapi tangu asubuhi. Chumba kizima kikacheka, ila swali ni la kweli kabisa, wanataka kujua kama mtoto anapungukiwa maji. Halafu akaniambia nitaje jina la ukoo la mtoto herufi kwa herufi, na hapo ndipo E na I zikanichanganya mbele ya watu, maana I yao inasikika kama "ai" na E yao inasikika kama I yetu.

Majuma machache baadaye mdogo wa nyumbani akapata homa kweli, mama yake yuko kwenye ndege, baba hapokei simu. Nikapiga. Karani akauliza yaleyale, karibu kwa mpangilio uleule. Hata la nepi.

Kwa upande wa marafiki, nianze na kilichopo tayari. Kila au pair ana mratibu wa wakala (kampuni iliyomleta Marekani) katika eneo lake, na lazima mwasiliane kila mwezi. Wetu hutuandalia mkutano: siku bolingi, siku shamba la maboga, siku semina ya usalama wa watoto. Ni vizuri, sina ugomvi. Ila tukifika tu, Wakolombia wanakaa na Wakolombia, Wabrazili kona yao, Wajerumani kona yao, kila kundi na lugha yake, na baada ya picha ya pamoja kila mtu anarudi alikotoka. Mtanzania unakuwa peke yako, ukitafuta wa kupiga naye stori unaishia kumsikiliza mratibu. Kuna Wakenya wa kutosha Maryland, na ibada za Kiswahili utazipata ukitafuta. Mimi pia naenda, roho inahitaji nyumbani. Lakini Jumapili nzima ya "habari za siku nyingi" na chapati haikuongezei Kiingereza hata chembe.

Pale maktaba mchanganyiko ni mwingine kabisa. Kuna bibi kutoka Ukraine anayewafuata wajukuu. Kuna mpishi wa El Salvador anayekuja kabla ya zamu yake. Kuna mama wa Kikorea ambaye mumewe ni mtafiti kwenye taasisi za afya za taifa kule Bethesda, na kuna au pair wawili watatu, mmoja wao Mkolombia yuleyule niliyekuwa namwona bolingi bila kumsemesha. Hapa hatuna lugha nyingine ya kukimbilia. Yeye anakosea, mimi nakosea, na hakuna anayemwona mwenzake anaongea yai.

Yule mama wa Kikorea ndiye aliyenifungulia mtaa. Kumbe mwanawe yuko darasa moja na mkubwa wa nyumbani kwetu. Tukaanza kukutana kituo cha basi la shule, akanitambulisha kwa mama wengine, watoto wakaanza kualikana kucheza. Kabla ya hapo nilikuwa nasimama pale kituoni kila siku na kigari cha mtoto, watu wananisalimia kwa upole na kuendelea na mazungumzo yao. Sasa hivi theluji ikianguka na shule ikatangaza kuchelewa kufunguliwa kwa muda wa saa mbili, simu yangu inajaa ujumbe wa kuulizana nani anaweza kukaa na watoto wa nani. Huo ndio ujirani ninaoujua mimi, na niliufikia kupitia meza ya maktaba. Mkutano wa wakala haukunifikisha huko.

Na yule Mkolombia ndiye tunayezunguka naye siku za mapumziko. Kanuni zinatupa siku moja na nusu kwa wiki na wikiendi moja nzima kila mwezi, na Washington ni mji wa kumpendeza mtu asiye na hela. Makumbusho ya Smithsonian kiingilio bure. Bustani ya wanyama ya taifa bure pia, unashuka njia nyekundu ya treni, ila pasi ya kuingilia uiweke nafasi mapema mtandaoni. Maktaba kuu ya mji, ile yenye jina la Martin Luther King Jr., ina bustani juu ya paa, mnakaa na chakula chenu hakuna wa kuwafukuza. Majira ya kuchipua kuna maua ya micheri kando ya bwawa la Tidal Basin, micheri iliyoanzia kwenye miti ambayo Tokyo iliizawadia Washington mwaka 1912. Watu ni wengi kupita kiasi, nendeni alfajiri. Kote huko tunaongea Kiingereza kwa sababu Kihispania changu kinaishia kwenye salamu.

Nimejaribu na njia nyingine, nisije nikaonekana naisifia hii kwa kutojua zingine. Kanuni zinamtaka au pair asome chuoni kiwango cha masomo kinachoitwa krediti sita, na familia inachangia hadi dola 500. Nilichukua kozi ya wikiendi kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Krediti nilipata, cheti kipo, lakini tulijaa ukumbini tukisikiliza mhadhara, na ukitoa kusoma jina langu kwenye utambulisho, sidhani kama nilifungua mdomo. Programu ya simu ya kujifunza lugha nayo nilikuwa nayo. Inakupongeza sana. Kasoro yake ni kwamba haikukatizi, na binadamu hukatiza.

Sasa ile nyota niliyoibana. Kwanza ni muda. Vikao vingi viko saa nne asubuhi siku za kazi. Kama watoto wako wanasoma, ratiba yako kwa kawaida inakatika vipande viwili, asubuhi kabla ya shule na alasiri baada yake, kwa hiyo pale katikati uko huru. Kama una mtoto mchanga wa kulea mchana kutwa, vikao hivyo utavisikia tu. Kuna kimoja cha jioni, nacho kinajaa. Pili, viwango vimechanganywa. Aliyeshuka kwenye ndege wiki iliyopita anakaa na mwenye shahada mbili, na mwenye shahada mbili akianza kueleza siasa za kwao, muda wa wengine umeliwa. Waendeshaji wana adabu mno, hawajui kumnyamazisha mtu. Adabu hiyohiyo inawafanya wasikusahihishe. Unaweza kukosea jambo moja mwezi mzima wakikutikisia kichwa kwa tabasamu. Mimi ilibidi nimwambie babu waziwazi: nikikosea nisimamishe hapohapo. Tangu siku hiyo ananisimamisha, na wakati mwingine natamani nisingesema.

Tatu, hakuna cheti. Saa zako za pale hazihesabiwi kwenye krediti sita, usije ukaenda kwa mratibu na orodha ya mahudhurio ukitegemea zitapita. Na sikukuu au theluji ikija, klabu hufungwa, wakati mwingine majuma mfululizo mwezi Desemba, ambao ndio mwezi upweke unauma kuliko yote.

Ushauri wangu kwa ambaye bado yuko kwenye hatua ya usaili na familia: usiulize tu watoto ni wangapi na chumba kikoje. Uliza saa zako za kazi zitapangwaje siku za kazi, na uliza maktaba iko umbali gani na utafikaje. Kwenye vitongoji hivi kuna nyumba ambako bila gari hufiki popote, na basi likipita leo asubuhi linalofuata utalisubiri mpaka uchoke. Kama familia inakupa gari, kumbuka huku wanaendesha upande wa kulia, jipe muda wa kuzoea. Familia yangu niliiambia mapema kwamba asubuhi moja kwa wiki ningependa iwe ya klabu, wakakubali bila shida, tena mama mwenyewe hupenda kuniuliza jioni tulijadili nini. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tunayofanya naye.

Na wewe mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili, achana na kikao cha saa nne. Maktaba hizihizi zina saa ya hadithi ya watoto wadogo: mkutubi anasoma kitabu cha picha, mnaimba, mnapiga makofi, kisha mwishoni anamwaga midoli sakafuni na kuwaacha watoto wacheze. Usifunge koti la mtoto uondoke muda huo. Ndipo walezi wenzako wanapokaa chini zulieni na kuanza kuongea: nani anatafuta mwenzake wa kutembea naye bustanini, familia ipi inalipa saa za ziada na ipi inajisahaulisha. Kiingereza chake ni cha haraka, kina umbea mwingi, na baada ya vikao vichache utajikuta unakifuata chote.