Nusukaputi ya mshipani kwa upasuaji wa pua: usingizi ulivyokuwa baadaye

Upasuaji: kunyoosha ukuta wa kati wa pua. Dawa: propofoli (ya kulaza) na remifentanili (ya maumivu) kwa pampu, bila gesi. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota tatu ni za kuzuia kichefuchefu peke yake. Damu inayoshuka kooni na kumezwa huchafua tumbo, na anayetapika saa nane za usiku halali. Tena kule kujikamua huamsha damu upya. Propofoli hupunguza kutapika, gesi kama sevofluraini huongeza. Ila remifentanili huisha mwilini ndani ya dakika chache, kwa hiyo dawa nyingine ya maumivu lazima iingizwe kabla hujaamka. Isipoingizwa, unaamka pua inawaka, unachomwa mofini, na usiku ndio umeharibika hapo: mofini na jamii yake hupunguza usingizi mzito na ule wa ndoto, na hupunguza kasi ya kupumua. Anayekoroma hadi pumzi kukatika amwambie daktari wa nusukaputi mapema, asingoje siku ya upasuaji.

Nyota niliyoikata ni ya deksamethasoni, miligramu 4 hadi 8 za kuzuia kutapika na uvimbe. Inafanya kazi yake, lakini humwacha mtu macho, bila usingizi. Ukipangiwa asubuhi, afadhali.

Ganzi ya sindano, lidokaini na adrenalini, inafaa kazi fupi. Kichwa hubaki chepesi, ingawa adrenalini huufanya moyo udunde kwa muda (si woga huo). Huisha baada ya saa chache, basi meza parasetamoli kabla haijaisha: gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku.

Hata hivyo, mwizi mkubwa wa usingizi ni tamponi, kile kizibo kinachojazwa puani baada ya upasuaji. Unapumua kwa mdomo, ulimi unakauka kama gome, na kila ukimeza mate masikio yanavutwa kwa ndani, unashtuka. Hakuna nusukaputi inayotibu hilo. Kinachosaidia ni kuinua kichwa na mgongo kiasi cha nyuzi 30, si shingo peke yake, na maji karibu ya kunywa kidogo kidogo. Zaidi ya yote, muulize mpasuaji kama ukuta unaweza kushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka, tamponi isiwekwe kabisa. Swali hilo niliuliza nikiwa nimeshachelewa.