Kituo cha mapumziko, barabara kuu ya I-45 Texas, Marekani: nyota nne

Ndugu zangu mnaoendesha usiku kati ya Houston na Dallas, usingizi ukiwabana msilazimishe. Ingieni kituo cha mapumziko cha serikali kando ya barabara. Kulala garini hapo ni halali: sheria ya Texas inaruhusu hadi saa 24, mradi usisimamishe hema. California ni saa 8 tu, kwa hiyo usidhani kila jimbo ni sawa.

Nilikuwa na mama yangu, na kilichonifurahisha zaidi ni vyoo: safi, maji yapo, taa zinawaka hadi alfajiri. Mlinzi alipita, akatusalimia, akaendelea na doria. Nyota moja naipunguza kwa ngurumo za malori. Egesheni mbali nayo, na mbebe blanketi, Januari baridi inauma.