RNAlater kwa kondo la nyuma: nzuri kwa jeni, mbaya kwa asidi amino

Kwa anayepima jeni za visafirishaji vya asidi amino, kama SLC7A5 na SLC38A2, RNAlater, kimiminika cha kuhifadhi RNA (nakala za jeni zinazotumika) ndani ya tishu, kinastahili bei yake, hasa pale chumba cha kujifungulia kisipokuwa na naitrojeni kimiminika ya kugandishia. Lakini hakifufui RNA iliyokwisha kuoza. SLC38A2 hupanda seli zinapokosa asidi amino, kwa hiyo kondo likikaa mezani unapima ucheleweshaji wako, si hali ya mimba.

Chukua vipande vya vili (vijitawi vya kondo) sehemu kadhaa, ondoa desidua (tishu ya mama iliyoshikamana nalo), suuza damu kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara) baridi. Kata vipande visivyozidi unene wa milimita 5. Hapa ndipo wengi huharibu: kipande kinene hulowa nje tu, kati kunaoza. Nusu gramu ya tishu inataka mililita 2.5 za RNAlater, na ukibana dawa unajipunja mwenyewe. Laza usiku mzima kwenye nyuzi 4, kisha mwaga kimiminika na ugandishe kwenye -80. Ukiona fuwele chupani, pasha hadi nyuzi 37 na utikise.

Ubaya wake ni chumvi. Amonia salfeti iliyojaa humo huvuruga spektrometa ya masi, mashine ya kupimia asidi amino, basi asidi amino zenyewe usizipime kwenye kipande hicho. Tenga kingine mapema, kigandishwe papo hapo bila dawa. Tishu pia hukakamaa. Kinu cha shanga huisaga vizuri kuliko kinu cha mkono.